Kununua fanicha chakavu, kuzisugua na kuziuza tena: niliyoyaona uani kwangu kwa miaka mitano

Mama Msasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita kuna dada aliuliza hapa afanye biashara gani nyumbani akiwa na laki tatu. Nikasoma majibu mpaka mwisho: kuku, keki, sabuni ya maji, kuku tena. Ya kwangu haikutajwa, nikasema nikipata muda na umeme nitaiandika. Leo umeme upo.

Nanunua fanicha za zamani, nazitengeneza uani, nauza. Niko Tabata, nyumba ya kupanga, turubai moja la bluu na stuli mbili. Nilianza 2020, ofisi ilipotupunguza. Useremala sijasomea. Nilichokuwa nacho ni meza ya kulia ya marehemu mama, mguu mmoja unacheza, nusura niitupe. Nikaisugua kwa hasira tu, siku tatu, msasa na mkono. Ule weusi wa miaka ulipotoka na mninga ukaonekana na mistari yake, jirani akachungulia ukutani akauliza bei. Sikuiuza, ndiyo tunayolia mpaka leo. Ila swali lake halikuniacha nilale.

Nianze na jambo ambalo zile video za kupaka rangi haziwaambii. Kupaka ni saa mbili, tatu. Pesa inapatikana au inapotea siku ya kununua, umechuchumaa sebuleni kwa mtu na tochi ya simu. Ukikosea pale, hata upake nini, umeshaliwa.

Mimi nikifika sitazami juu. Juu ndipo kila mtu amepapamba. Navuta droo naigeuza, kisha nazunguka mgongoni. Sehemu hizo hakuna aliyezihangaikia, kwa hiyo mbao inajisema yenyewe. Uzito peke yake unadanganya, chipibodi, yaani unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, nayo ni nzito kama mfuko wa saruji. Kinachoiumbua ni ukingo wa chini, ule unaogusa sakafu: ikishakunywa maji ya deki inavimba kama andazi na haisinyai tena. Hiyo naiaga kwa adabu. Halafu natazama pembe za droo. Zikiwa zimeungwa kwa meno yanayoumana, bila misumari, najua aliyeitengeneza alikuwa na subira na huenda mbao aliyotumia ni ya maana.

Kuyumba hakunitishi, gundi na klempu, vile vibano vya kubana mbao, zinamaliza. Mikwaruzo ndiyo kazi yenyewe. Zile duara nyeupe za vikombe vya chai nazo ni za kwenye vanishi tu, mbao haina habari nazo. Doa jeusi la maji ndilo baya, lile limezama, na mara nyingi hata ukisugua mpaka utoboe bado unaliona.

Sasa hesabu ya kweli, maana najua mtauliza. Mwaka jana nilipata meza ya ofisi Morogoro, kwa familia iliyokuwa inahama. Ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta ya kijani, ile ya milango ya zahanati, na juu yake nyingine ya kahawia. Kwa chini imegongwa muhuri wa moto: E.A.R. & H. Nilinunua 70,000. Kuisafirisha hadi kwangu kwa kuunga na mzigo wa mtu 20,000. Msasa 12,000. Gundi 5,000. Sendingi sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao), kliya (vanishi ya juu isiyo na rangi) na tina yake ya kuzimulia 38,000. Bawaba na kitasa 15,000. Fundi aliyenichongea mguu mmoja 20,000. Jumla 180,000. Nimeiuza 320,000 kwa mwanasheria mmoja ambaye hakubembeleza hata mia. Faida 140,000. Sasa niliandika na saa, maana nilitaka kujua: 31. Gawanya mwenyewe, ni kama 4,500 kwa saa, na hapo sijahesabu safari ya Morogoro.

Na ya hasara ni hii. Mteja wa Mbezi aliniletea kabati lake la mninga, anataka liwe jeupe, la chumba cha mtoto. Tukakubaliana 150,000, vifaa juu yangu. Nikasugua vizuri, nikapaka rangi ya maji nyeupe mikono miwili, nikalala nimefurahi. Asubuhi kabati limekuwa la waridi. Si lote, mabaka mabaka, kama shati la shule lililofuliwa pamoja na khanga mpya. Nikapaka mkono wa tatu. Jioni waridi limerudi. Wa nne, yale yale. Nilikuja kuambiwa baadaye na mzee mmoja wa Keko, kule kwa maseremala, kwamba mninga una utomvu mwekundu, ukiukata mbichi unatoa kama damu, na rangi ya maji inauamsha. Nikaparua kila kitu nikaanza upya: nikafunga mbao kwa sheleki, vile vipande vyembamba vya rangi ya asali unavyoloweka kwenye spiriti usiku kucha, mikono miwili, ndipo nyeupe ikakaa. Kazi ya siku nne ikala siku kumi na moja. Vifaa vilifika 95,000. Nilibaki na 55,000, yaani 5,000 kwa siku, na mafua.

Ulizeni. Nitajibu nikiwa nimepumzika na vumbi.

---

Kijana wa Kinyerezi

Uzi umenoga ila picha ziko wapi mama? Uzi wa fanicha bila picha ni kama pilau bila nyama.

---

Mama Msasa

Bando la usiku mdogo wangu, vumilia.

---

Mpiga Hesabu

Dada nakuheshimu ila tuambizane ukweli. Saa 31 upate laki na arobaini? Kibanda cha chipsi kinaingiza hiyo kwa siku mbili tatu. Na hujahesabu kodi ya uani, umeme wa mashine, wala afya yako. Naona kama ni burudani inayojilipia, biashara siioni.

---

Mama Msasa

Mkuu hapo umenigusa, na mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo hivyo unavyosema. Kosa langu lilikuwa kufanya kitu kimoja mpaka kiishe. Ukitazama hizo saa 31, zilisambaa siku tisa, kwa sababu muda mwingi ni kusubiri: gundi ishike, sila ikauke, kliya ipoe. Siku hizi sikosi vitu vitatu au vinne vinavyokwenda pamoja. Hiki kinasuguliwa, kile kimefungwa klempu, kile kinasubiri mkono wa mwisho. Mwezi mzuri nimewahi kubaki na laki sita. Mwezi wa nne mwaka huu, mvua tupu, niliambulia 90,000. Chipsi mvua zinauzika, hilo nakubali.

Umeme mashine ya msasa haili sana. Kinacholiwa ni msasa wenyewe. Usinunue ule wa bei chee, unajaa rangi dakika tano unakuwa karatasi ya kufungia vitumbua.

---

Fundi Keko 30

Miaka thelathini nipo kwenye mbao, ruhusa niongee.

Kwanza dada hongera, wengi wanaojiita wataalamu wa mtandaoni hawajui hata kugeuza droo. Pili, kupaka mninga rangi nyeupe ni dhambi, aliyekutuma ungemwambia anunue kabati la paini nafuu alipake atakavyo. Mninga siku hizi kuupata wenye vibali na mkavu ni shughuli. Hiyo ya zamani imekauka miaka arobaini, haipindi wala kupasuka kirahisi. Mtu anayo ndani halafu anaifunika!

Sasa niwasaidie wanaoanza, maana naona kuna kitu dada amekiruka. Kusugua kuna ngazi. Namba ndogo ndiyo msasa mkali, na huwezi ukaanza na namba 80 ukarukia 320. Nenda 80, 120, 180, ukimaliza 240 mbao inashikika kama shavu la mtoto. Na fuata nyuzi za mbao, usikate njia. Mkwaruzo wa kukata njia hauonekani mbao ikiwa kavu, unajitokeza ukishapuliza kliya, na hapo umechelewa. Ukitaka kuuona mapema, futa mbao kwa kitambaa chenye tina kidogo, tazama kwa ubavu dhidi ya mwanga kabla haijakauka. Kila ulichoficha utakiona.

Kuziba mashimo: watu wanachanganya unga wa mbao na gundi. Inashika, lakini pale hapanyonyi rangi, ukipaka vanishi ya rangi panabaki na baka. Changanya unga wa mbao ile ile na sila. Unga upate kwenye mashine yako ya msasa, usiutupe.

Tatu, na hili limewatia wengi hasara hapa Keko. Usipulize kliya ya NC, ile ya kukauka haraka, juu ya rangi ya mafuta. Tina yake ni kali, inaichemsha ile rangi ya chini, inakunjamana mbele ya macho yako kama ngozi ya mamba. Ukitaka kliya ya NC, chini yake pawe mbao tupu au sila ya jamii yake. Tina ya rangi ya mafuta na tina ya NC ni ndugu wa jina tu. Nimeona kijana kamwaga moja kwenye nyingine, bunduki ya kupulizia ikaziba ikawa na kitu kama uji.

---

Mama Msasa

Shikamoo fundi. Ya ngozi ya mamba nilishaipata, niliona aibu kuiandika.

Kuhusu dhambi, sikubishii kwa mninga. Ila mteja ndiye anayelala na hilo kabati. Siku hizi nina jibu: naanza kwa kusugua kipande cha mlango upana wa kiganja, napaka maji kwa kitambaa, nampigia picha namtumia. Mbao ikiwa imelowa ndiyo rangi yake ya kliya. Katika watano, watatu wanabadili mawazo. Wawili waliobaki nawapakia nyeupe yao na bei inapanda.

Hebu fundi tueleze kidogo ya kliya kuwa nyeupe ikikauka, watu watakutana nayo.

---

Fundi Keko 30

Marahaba. Hiyo ni unyevu. Kliya ya kukauka haraka inapokauka inapoza uso wa mbao, hewa ya pwani ikiwa na maji yanaganda humo ndani, inakuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Masika Dar es Salaam usipulize alfajiri wala jioni. Mimi napuliza kati ya saa nne na saa tisa, siku kavu, kivulini. Kivulini nasema, maana ukipuliza kwenye jua kali nalo linatoa malengelenge. Ikishatokea nyeupe usiparue, subiri siku kavu, puliza tina tupu kwa mbali, nyembamba sana, mara nyingi inajifungua yenyewe.

Na mvule vaeni barakoa. Vumbi lake linawasha pua na ngozi, kuna kijana wangu aliacha kazi kwa pumu. Si vumbi la kuchezea.

---

Binti wa Makorora

Jamani mie niko Tanga, nina kabati za jikoni za chipibodi yenye ule mgando wa juu kama plastiki. Hazijavimba. Nikipaka rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Nazitupa?

---

Mama Msasa

Usizitupe dada. Inabanduka kwa sababu mbili: mafuta ya kupikia yasiyoonekana, na uso laini usio na pa kushika. Osha kwa sabuni ya kuondoa grisi, suuza mara mbili kwa kitambaa cha maji safi tu, acha zikauke usiku mzima. Kisha msasa 220, usikusudie kuutoa ule mgando, uchubue tu mng'ao mpaka uwe kama ubao wa shule. Halafu praima ya kushika, siyo ile ya ukuta. Ndipo rangi ya mafuta, mikono miwili myembamba. Na uvumilivu: inaonekana kavu kesho yake lakini haijakomaa, usianike vyombo wala kusugua kwa wiki mbili tatu.

Kwa biashara lakini, chipibodi ya mteja naipokea, ya kununua niuze sinunui. Ikianguka mara moja tu skrubu zinatoka na unga wake.

---

Mkenya Mpole

Salaam kutoka Nairobi. Huku tunapata vitu vizuri kwa wageni wa mashirika wanaomaliza mkataba, wanauza kila kitu wiki ya mwisho, na kadiri siku ya ndege inavyokaribia bei inashuka. Ukienda Jumatatu anataka elfu kumi na mbili, Ijumaa anakuomba tu uje na gari.

Nimekuja kwa jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja. Ile rangi ya kijani ya zahanati, mama. Rangi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na nyingine mpya pia bado zinayo. Shirika la Afya Duniani linahimiza kiwango kisizidi sehemu 90 kwa milioni, kuukuu zinapita hapo mbali sana. Ukisugua kavu kwa mashine unaifanya vumbi, watoto wanacheza uani, wanatia vidole mdomoni. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na dalili huioni mapema. Mimi rangi kuukuu naiondoa kwa dawa ya kutolea rangi na kikwaruzo, au nasugua kwa maji na msasa wa maji, chini nimetandika nailoni naikunja na kuitupa na kila kitu. Na kitanda cha mtoto cha zamani chenye rangi ya miaka hiyo, sikigusi hata nikipewa bure.

---

Mama Msasa

Ndugu yangu asante, na nakiri wazi kwamba ile meza niliisugua kavu. Wanangu walikuwa shule lakini vumbi halikuwa shule. Nitabadilika.

---

Mie wa Darajani

Asalaam aleikum. Mie niko Unguja, naomba nitie neno kwa nduguzangu wa bara. Vya zamani si vyote vya kusugua. Mtu akikuletea samadari, kile kitanda cha nguzo nne za kukereza, au sanduku la misumari ya shaba, au kiti cha enzi, msije mkakimbilia msasa. Ule weusi unaouona kwenye mkono wa kiti ni mikono ya watu wa miaka mia, ndio wenye thamani. Ukishausugua umeuza kiti kipya. Hapa mtaa wa Gizenga wenye maduka ya vitu vya kale wakiona kimeng'arishwa kwa kliya wanakitupia jicho mara moja wanageuka.

Futa vumbi kwa brashi laini, kitambaa chenye maji kidogo mno, ukaushe hapo hapo, nta ya nyuki kiasi cha ukucha. Basi. Kamba ya kiti ikikatika, tafuta anayejua kusuka upya, usipige plaiwudi! Nimeliona hilo kwa macho yangu, kiti cha enzi kimepigwa plaiwudi na godoro la sponji. Nilikaa kimya njia nzima hadi nyumbani.

---

Wa Bagamoyo

Naongezea ya milango. Huku bara Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940. Kuna madalali wanapita wakiwaambia wazee "mlango wako umeoza, nakupa wa chuma bure". Ukiletewa mlango wa nakshi uung'arishe ili usafirishwe nje, uliza kibali kwanza, usije ukaingizwa kwenye kesi ya mtu.

---

Stesheni Masta Mstaafu

Nimesoma nikafika kwenye E.A.R. & H. nikasimama. Hilo ni shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Liliundwa 1948, reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika, na 1969 reli na bandari zikatenganishwa. Kwa hiyo meza yako, binti yangu, kama muhuri ni wa wakati wake, si ya kabla ya 1948 wala ya baada ya 1969. Tulikuwa nazo hadi stesheni ndogo, kiti, meza, benchi la abiria, vyote na muhuri ili visitembee. Vilitembea hivyo hivyo.

Nina swali. Muhuri uliuacha au uliusugua?

---

Mama Msasa

Shikamoo mzee. Niliuacha, na nashukuru Mungu, maana yule mwanasheria alipoinama akauona ndipo akaacha kuuliza bei. Kama ningejua haya uliyoyaandika ningesema laki nne bila kupepesa. Muhuri niliupitisha sila tu kwa kidole.

---

Stesheni Masta Mstaafu

Marahaba. Umefanya vyema. Ninalo benchi moja, haliuzwi, usiniulize.

---

Chuga wa Njiro

Mimi nije na la moto, kihalisia. Nilikuwa napaka mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, kwenye meza ya mkongo, yanatoa rangi tamu ajabu. Jioni nikakunjakunja vitambaa vyote nikavitupa kwenye ndoo ya plastiki nyuma ya mlango wa stoo. Saa tano usiku mbwa anabweka. Natoka, stoo inafuka. Hakuna kiberiti, hakuna umeme ulioguswa. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kikikunjwa joto halina pa kutokea, linajilimbikiza mpaka linawaka lenyewe. Ndoo iliyeyuka ikagandana na sakafu, mlango nusu. Meza ilipona kwa kuwa ilikuwa nje.

Sasa hivi natandaza kitambaa kimoja kimoja kwenye kamba kama nguo, kikikakamaa ndipo natupa. Au nakiloweka kwenye maji. Jirani wananicheka naanika matambara machafu, wacheke.

---

Mama Msasa

Nimesoma nikaenda kuangalia ndoo yangu sasa hivi, saa nne hii ya usiku.

---

Jirani Mkorofi

Mimi naandika kwa niaba ya majirani wote nchini. Ninayeishi naye ukuta mmoja anafanya hiyo kazi. Jumapili mchana tunakula, tina inaingia mpaka kwenye mchuzi. Msasa wa mashine unalia kama nzi aliyeingia sikioni. Mnapataje usingizi?

---

Mama Msasa

Tunapata shida pia mkuu. Mwenye nyumba aliniita mwaka wa pili, malalamiko yalikuwa mawili kwa mjumbe. Tulikubaliana hivi: mashine siku za kazi tu, saa tatu hadi saa kumi, Jumapili kimya. Kupuliza nilihamishia kwa fundi mwenye banda, namlipa kwa kipande, nami uani nabaki na brashi na kitambaa. Faida ilipungua kidogo, usalama ukaongezeka. Na kila Idi na Krismasi jirani wa ukuta anapata stuli moja iliyosuguliwa. Mwambie wako akuletee stuli.

---

Jirani Mkorofi

Stuli nitakubali.

---

Mpiga Hesabu

Nimerudi. Nimekaa na haya maandishi siku mbili. Nina swali la malipo: wateja wanakutesa? Maana najua hapa mjini kazi ya mkono kulipwa ni safari.

---

Mama Msasa

Wametutesa wengi. Kuna mmoja alileta viti sita vya kulia, akatoa 40,000 ya kuanzia, nikamaliza, akapotea miezi mitano. Viti sita uani kwangu, mvua, nikawa nalala navifikiria. Aliporudi akataka kupunguziwa kwa sababu "vimekaa muda". Tangu hapo nusu ya pesa inaingia kabla sijagusa msasa, na tunaandikiana kwenye karatasi kwamba baada ya siku thelathini za kumaliza nahesabu uhifadhi. Sijawahi kuitoza hiyo ya uhifadhi. Karatasi tu inatosha kuwaleta.

Na vya mteja ni asilimia kama arobaini ya kazi yangu, vilivyobaki ni vya kununua niuze. Vya mteja havifungi mtaji, ila vinakuja na mdomo wa mwenyewe.

---

Mpiga Hesabu

Sawa. Basi nikiri. Kuna kabati liko kwa baba mkubwa Gongo la Mboto, anataka kulitoa, ananiachia kwa 50,000. La vyombo, milango ya kioo, urefu kunizidi. Anasema ni mvule. Nipo hapa hapa nimesimama mbele yake. Nichukue?

---

Mama Msasa

Vuta droo ya chini kabisa, igeuze. Unaona nini?

---

Mpiga Hesabu

Mbao ya kahawia yenye dhahabu dhahabu. Imeungwa kwa meno kama ulivyosema. Safi.

---

Mama Msasa

Harufu?

---

Mpiga Hesabu

Ya gereji. Mgongoni kote peusi, pananata. Baba mkubwa anasema aliupaka oili chafu kila mwaka kwa ajili ya mchwa.

---

Fundi Keko 30

Hiyo oili imeingia. Rangi haitashika, kliya haitakauka, gundi ndiyo usiseme. Lakini kama ni mgongo tu, mgongo unabadilishwa na plaiwudi, hiyo si shida. Uliza pande na miguu.

---

Mama Msasa

Fundi kasema. Shika funguo, gonga miguu yote minne, taratibu, kuanzia chini kwenda juu. Sikiliza. Kisha tazama sakafu.

---

Mpiga Hesabu

Mitatu inalia ngo ngo. Wa nne nyuma kushoto unalia kama boga. Chini kuna unga.

---

Mama Msasa

Unga wa rangi gani? Wa kahawia uliopoa au mweupe mbichi?

---

Mpiga Hesabu

Mbichi, kama sembe. Nimeupangusa kwa kiatu, nikagonga tena, umeshuka mwingine.

---

Mama Msasa

Wadudu bado wamo wanakula. Na ukilipeleka kwako wataanza na hilo, wamalizie na fremu za milango yako. Mwambie baba mkubwa asante, mnywe chai. Vile vioo tu, na zile bawaba kama ni za shaba, muulize anataka bei gani.